Asali ya Uani na Moto wa Jikoni: Mwongozo kwa Wenye Mizinga Bunia

Mwenye kuweka mizinga uani mwake katika mji wa Bunia, mji ulioketi kwenye kimo cha mita 1,275 hivi juu ya usawa wa bahari, baina ya Ziwa Albert upande wa mashariki na msitu mkuu wa Ituri upande wa magharibi, amejaliwa neema ambayo wapishi wengi wa mijini hawaipati, kwa kuwa wao huinunua asali iliyokwisha kupita katika mikono na mapipa mengi, ilhali yeye huirina jioni na kuila asubuhi. Walakini neema hii huharibika upesi ikiingia jikoni bila ya maarifa, maana asali mbichi ina manukato yake, uchachu wake na kadiri yake ya maji, na kila kimojawapo cha vitu hivi hubadilika mara kinapoguswa na moto. Mwongozo huu wakusudia kumwonyesha msomaji jambo moja ambalo mengine yote hulifuata: kwamba mapishi ya asali huanza pale kwenye chano, mavuno yanapogawanywa mafungu, na kwamba kila fungu lina moto wake.

Nchi hii haihitaji kufundishwa utamu wa asali. Bambuti wa msitu wa Ituri wana msimu mzima wa asali, ambao huangukia hasa katikati ya mwaka, miti mikubwa inapokuwa imechanua, na habari za msimu huo zimeandikwa na mwanaanthropolojia Colin Turnbull katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1961, na baadaye na Mitsuo Ichikawa, mtaalamu wa Kijapani, aliyechapisha mwaka 1981 uchunguzi juu ya nafasi ya asali katika maisha yao. Waislamu nao wanajua kwamba sura ya kumi na sita ya Kurani imepewa jina la nyuki. Basi heshima ya asali ipo tangu kale. Kilicho haba ni tadbiri ya kuipika, kwa kuwa wengi wetu tumezoea ama kuilamba kama ilivyo, ama kuimimina katika chai inayotokota, na hapo manukato yake hupaa pamoja na mvuke.

Kurina kwa wakati wake

Asali mbaya ya kupikia aghalabu ni asali iliyorinwa kabla ya kuiva. Nyuki huleta nekta iliyojaa maji, nao huipunguza maji hayo kwa kuipepea kwa mbawa zao mpaka yawe chini ya asilimia 20, ndipo wanapoziba kila chumba cha sega kwa utando mwembamba wa nta. Sega lililozibwa theluthi mbili au zaidi limekwisha kuwa tayari. Ukiona shaka, kishike kiunzi chake kwa ulalo, ukitikise mara moja kwa nguvu kidogo: ikiwa matone yanaruka kutoka katika vyumba vilivyo wazi, lirudishe mzingani na usubiri, kwa kuwa asali hiyo itachacha chupani na kufanya povu juu ya chakula chako.

Rina wakati wa magharibi, jua likiisha kupoa, ukiwa umevaa kofia ya wavu na glavu, na moshi wako uwe wa majani au maganda makavu yasiyo na mafuta wala plastiki, maana harufu ya moshi mchafu hukaa ndani ya asali na hakuna kiungo kitakachoifunika. Nyuki wetu wa Afrika ni wakali katika kuutetea mzinga wao. Mbuzi aliyefungwa kamba na kuku waliofungiwa bandani hawana pa kukimbilia, basi waondoe mapema, na uwaarifu majirani kabla hujawasha bomba la moshi. Katika mitaa iliyosongamana kama Mudzipela au Nyakasanza, ni wajibu kuuweka mzinga nyuma ya ua wa miti uliozidi kimo cha mtu, ili nyuki watokapo walazimike kuruka juu na kupita juu ya vichwa vya wapita njia. Usikate masega yenye majana, wala usichukue asali yote. Waachie nyuki akiba ya kuwavusha katika siku za ukame, hususan kati ya Desemba na Februari.

Mafungu matatu

Leta masega ndani ya ndoo yenye kifuniko, uyatandaze juu ya chano safi penye mwanga, kisha uyachague kwa macho yako kabla hujayagusa kwa kisu.

Fungu la kwanza ni masega meupe, yaliyozibwa sawasawa, yasiyo na chavua wala alama ya majana. Haya yakate vipande vipande, uviache vyenyewe juu ya wavu vichuruzike, au uvihifadhi pamoja na nta yake. Asali hii haipelekwi motoni kabisa.

Fungu la pili ni masega yaliyoiva lakini yenye rangi ya kahawia, yenye vyumba vya chavua hapa na pale, na ambayo hayatatoa asali yao mpaka yapondwe. Yaponde kwa mwiko, uyatie katika kitambaa safi cha pamba au kifumbu, uyaning'inize juu ya sufuria usiku kucha ndani ya chumba chenye vuguvugu. Asali yake ni nzito, nyeusi kidogo, na ladha yake ina ukali unaostahimili vitunguu, pilipili na moshi wa makaa. Hii ndiyo asali ya jikoni.

Fungu la tatu ni masalio: nta iliyokwisha kukamuliwa, kisu chako, chano, na mikono yako mwenyewe. Watu wengi huyatupa haya, na hiyo ni israfu. Osha nta hiyo kwa maji ya vuguvugu kiasi cha lita moja, uyachuje maji yale, nayo yatakuwa matamu na yenye harufu ya maua. Yatumie siku ile ile, kwa kuwa maji ya asali huanza kuchacha upesi. Wapendao siki wanaweza kuyaacha yachache kwa makusudi katika chombo kipana kilichofunikwa kwa kitambaa, na baada ya majuma kadhaa yatakuwa yamepita ulevi na kufika ukali wa siki. Lakini jambo hilo lataka subira na chombo chake peke yake.

Ikiwa pia una mzinga wa nyuki wadogo wasiouma, asali yao isichanganywe na mafungu haya. Ina maji mengi zaidi na uchachu ulio dhahiri, haikai muda mrefu, na mahali pake ni katika kachumbari na michuzi ya ndimu.

Kanuni nne za jiko

Kanuni ya kwanza ni ya joto. Ndani ya mzinga, mahali penye majana, nyuki wenyewe hudumisha joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi; basi asali haidhuriki na uvuguvugu wa namna hiyo, lakini ukizidi nyuzi 40 huanza kupoteza manukato na vimeng'enya vyake, na ukiuzidisha zaidi rangi hugeuka na ladha hubaki utamu mtupu. Asiye na kipimajoto na atumie mkono wake: sufuria unayoweza kuishika ubavuni kwa viganja viwili bila kuungua ndiyo iliyopoa kiasi cha kutiwa asali bora. Maji ya Bunia, kwa sababu ya kimo cha mji, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, lakini hata hayo ni makali mno kwa fungu la kwanza.

Kanuni ya pili ni ya wakati. Sehemu kubwa ya utamu wa asali ni sukari ya matunda, ambayo huanza kuungua na kuwa nyeusi kwenye nyuzi 110 hivi, mapema kuliko sukari ya mezani. Kwa hiyo chochote kinachochomwa au kuokwa kwa asali huiva kwanza, asali ikafuata mwishoni.

Kanuni ya tatu ni ya mizani. Kikombe cha mililita 240 huchukua asali gramu 340 hivi, ilhali sukari ya kadiri hiyo ni gramu 200. Na asali, juu ya kuwa nzito, ni tamu zaidi. Penye kikombe kimoja cha sukari katika keki au mkate, tia robo tatu ya kikombe cha asali, upunguze robo ya kikombe ya maziwa au maji, uongeze robo ya kijiko cha chai cha soda ya kupikia ili kutuliza uchachu, na moto uupunguze kidogo. Anayepika keki kwa makaa, akiyapalia juu ya kifuniko na chini ya sufuria, na atie makaa machache juu kuliko kawaida yake, kwa sababu uso wa keki ya asali huiva rangi kabla ya kiini chake.

Kanuni ya nne ni ya kiasi. Asali ikionekana wazi katika mchuzi, imezidi. Kazi yake penye chumvi, ndimu na pilipili ni kuvipatanisha vitu hivyo vitatu, na kijiko kimoja cha mezani kwa sufuria ya watu sita chatosha kuanzia.

Vyakula vya fungu la kwanza

Asali hii iache iwe bwana wa chakula. Kata kipande cha sega chenye upana wa vidole viwili, ukiweke juu ya mkate uliotoka motoni na kupoa kidogo, ukile pamoja na nta yake, ambayo haina madhara, au uitafune na kuitema. Imimine juu ya maziwa ya mgando, ambayo wafugaji wa pande hizi wanajua kuyaandaa, ukizingatia kuyapooza kwanza. Ponda parachichi lililoiva kwa uma, ulikamulie nusu ya ndimu, utie kijiko kimoja cha asali na chembe ya chumvi, na utakuwa na kitoweo cha mkate asubuhi ambacho watoto hawatakikataa.

Maji ya tangawizi, ambayo hayakosekani katika sherehe za hapa, hufaa sana. Twanga tangawizi mbichi gramu 200, uichemshe kwa dakika kumi katika lita mbili za maji, uichuje, uiache ipoe mpaka ule mtihani wa viganja uridhike; ndipo utie robo tatu ya kikombe cha asali na maji ya ndimu tatu. Ukionja utasikia ukali wa tangawizi kwanza, kisha uchachu, na harufu ya maua mwishoni. Hiyo harufu ya mwisho ndiyo inayokufa kwa wale wanaotia asali sufuria ikiwa bado jikoni.

Vyakula vya fungu la pili

Samaki wa Ziwa Albert, wanaopandishwa kutoka bandari za Kasenyi na Tchomia, ni wenzi wa asali nyeusi. Chukua ngege mmoja mmoja wa nusu kilo hivi, umkate mikato mitatu kila ubavu, umpake chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, umwache kwa nusu saa bila ya asali. Mchome juu ya makaa yaliyokwisha kufunikwa na jivu, mpaka nyama ianze kuachana na mfupa kwenye mkato mnene. Wakati huo changanya vijiko vitatu vya asali, maji ya ndimu moja, pilipili iliyosagwa na kijiko kimoja cha mafuta. Kisha mwinue samaki mbali kidogo na makaa, umpake upande mmoja, umgeuze, umpake wa pili, na asikae motoni zaidi ya dakika tatu au nne baada ya hapo. Ngozi itang'aa na kuwa na rangi ya hudhurungi. Ikigeuka nyeusi, asali imetiwa mapema au makaa yalikuwa karibu mno.

Makayabu nao, wakisharowekwa usiku na maji yao kumwagwa, hupikwa katika nyanya na vitunguu kama desturi, na kijiko kimoja cha asali kikatiwa sufuria inapoepuliwa; chumvi iliyobaki ndani ya nyama hupungua makali yake bila mchuzi kuonekana mtamu. Makemba yaliyoiva sana na viazi vitamu huchemshwa au kubanikwa kwanza, kisha hugeuzwageuzwa katika kikaango chenye samli kijiko kimoja na asali kijiko kimoja, kwa muda usiozidi dakika mbili. Sombe haihitaji asali, na asiijaribu mwenye kupenda amani ya nyumba yake.

Kashata za karanga zataka maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo asali hupelekwa katika joto kubwa kwa makusudi. Kaanga karanga vikombe viwili, uzipepete maganda. Tia katika sufuria nzito kikombe kimoja cha sukari, nusu kikombe cha asali ya fungu la pili na vijiko viwili vya maji. Asali peke yake haifai, kwa kuwa huvuta unyevu wa hewa na kashata zitalegea kabla ya kesho yake, hususan wakati wa masika. Moto uwe wa wastani. Povu litapanda likiwa jeupe na lenye mapovu makubwa, kisha mapovu yatapungua ukubwa na kuwa mazito. Hapo weka bilauri ya maji baridi kando yako, udondoshe tone moja: likitawanyika, bado, likifanya goroli laini linalobonyea kwa kidole, bado kidogo, likigongana na bilauri kwa sauti kavu, epua mara moja, utie karanga, chumvi kidogo na hiliki, ukoroge, umimine juu ya chano kilichopakwa mafuta, na ukate kwa kisu kingali na vuguvugu. Watoto wakae mbali, kwa sababu shira ya moto inayonata ngozini huunguza kuliko maji yanayochemka.

Vyakula vya fungu la tatu, na vya nyuki wadogo

Maji uliyooshea nta ni maji ya kukandia maandazi. Kwa vikombe vinne vya unga wa ngano, tia vijiko viwili vya chai vya hamira, chembe ya chumvi, hiliki iliyotwangwa, vijiko viwili vya mafuta, na maji hayo ya vuguvugu kiasi cha kikombe kimoja na zaidi kidogo, mpaka unga ushikane na kuwa laini. Onja maji kabla ya kukanda. Yakiwa mepesi kwa utamu, ongeza vijiko viwili vya asali ya fungu la pili, na usizidishe, kwa sababu utamu mwingi huidhoofisha hamira na unga hukawia kuumuka. Ukishaumuka mara dufu, sukuma, kata, na ukaange katika mafuta yasiyo makali, maana maandazi haya huiva rangi upesi.

Asali ya nyuki wadogo, nayo, itie katika kabichi. Kabichi za nyanda za juu za Djugu zikatwe nyembamba, zisuguliwe kwa chumvi na kuachwa kwa robo saa, zikamuliwe, kisha zitiwe vijiko vitatu vya siki, kijiko kimoja cha asali hiyo na pilipili mbichi. Kachumbari hii ni mwandani mwema wa yule ngege aliyetajwa juu.

Kuhifadhi na kununua

Hifadhi asali katika chupa ya kioo au chombo cha plastiki kilichofanywa kwa ajili ya chakula, chenye kifuniko kinachobana. Usiiweke katika mabati wala chuma kitupu, kwa kuwa uchachu wake hula madini. Kijiko kinachoingia kiwe kikavu. Ikiganda, haijaharibika, weka chupa ndani ya maji ambamo mkono wako unaweza kukaa bila maumivu, uyabadilishe yanapopoa, nayo itarudi kuwa maji maji. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na hushika moto kwa urahisi. Iyeyushe katika bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe usiiweke moja kwa moja juu ya makaa.

Mavuno yako yakiisha na ukalazimika kununua asali ya bidoni, iwe ni ya njia ya Komanda na Mambasa au ya kwingineko, chukua mizani. Lita moja ya asali iliyoiva ina uzito wa kilo 1.4 au zaidi kidogo. Ikipungua kwa dhahiri, imetiwa maji au ilirinwa mbichi. Mizani haitakufichulia asali iliyochanganywa na shira nzito ya sukari, na kwa hilo dawa ni kumjua mrinaji mwenyewe.

Hadhari

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kwa namna yoyote, hata kulambishwa kwenye ncha ya kidole, hata ikiwa imepikwa ndani ya uji. Asali yaweza kuwa na mbegu za kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, ambazo tumbo la mtu mkubwa huzishinda, lakini ndani ya utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza viungo na kuzuia pumzi. Na moto wa jikoni hauziui mbegu hizo. Nasaha hii na wapewe kina bibi kwa taadhima, kwa kuwa wao ndio aghalabu huwalambisha wajukuu asali kwa nia njema. Mwenye maradhi ya sukari naye asidanganywe na sifa za asali. Humpandishia sukari ya damu, na daktari wake ndiye wa kumwambia kadiri. Na yeyote ambaye aliwahi kuvimba uso au kubanwa pumzi kwa sababu ya kuumwa na nyuki, asishiriki katika kurina.

Mwisho, kabla hujaziba chupa zako, tenga fungu la jirani. Nyuki wako wamekula katika maua ya mwembe wake na mparachichi wake, wamekunywa katika ndoo yake, na huenda wamemuuma mwanawe. Naye ndiye atakayeamua, pindi wazee wa mtaa watakapoulizwa, kama mizinga itabaki uani mwako au itahamishwa. Mpelekee kipande cha fungu la kwanza, chenye sega lake.